Fundi aende bomba lipi kwanza? Namna ya kutumia data kubwa kuokoa maji ya kijiji

Kama uko halmashauri, au ofisi ya RUWASA (wakala wa maji vijijini) wilayani, au kwenye shirika dogo linaloshughulika na maji, au we ni mwanachuo tu una laptopu na unataka ufanye kitu cha maana, hii ni kwa ajili yako. Tunachukua lengo namba 6 la maendeleo endelevu, lile la maji safi kwa kila mtu ifikapo 2030, tunalishusha mpaka linakuwa swali ambalo mtu anaweza kulijibu wiki hii: kwenye wilaya yangu, fundi na pikipiki yake aende bomba lipi kwanza? Nasisitiza hilo swali kwa sababu data nyingi sana inakusanywa kwa gharama, inachorewa ramani nzuri, ramani inabandikwa ukutani, na kule kijijini hakuna pampu hata moja iliyofunguliwa. Ukianza na swali la fundi, kila hatua unajua unaifanya kwa nini na ipi uachane nayo.

Tatizo lenyewe ni kubwa. Kuna faili la vituo vya kuchotea maji Tanzania Bara, limetokana na Wizara ya Maji na jukwaa la Taarifa, likawekwa kwenye tovuti ya DrivenData kama shindano linaloitwa Pump it Up, unafungua akaunti bure unapakua. Lina vituo 59,400 ambavyo hali yake imeandikwa. Vituo 32,259 vilikuwa vinatoa maji vizuri, 4,317 vinatoa lakini vinahitaji matengenezo, na 22,824 vimekufa. Yaani karibu vinne katika kila kumi, hela ya kuchimba ilishatoka, bomba likazinduliwa watu wakapiga vigelegele, na bado mama anabeba ndoo kwenda kwenye dimbwi. Hii inauma, na ndo maana naamini kufufua vilivyokufa kunastahili akili zetu zote kabla hatujaimba miradi mipya.

Angalizo mapema: data hiyo kwa sehemu kubwa ilikusanywa kati ya 2011 na 2013, usije ukaisema kama hali ya leo. Itumie kujifunzia na kufundishia modeli, yaani programu inayojifunza kwenye data ya zamani ili ibashiri kituo kipi ni kibovu. Kwa hali ya sasa andika barua uombe orodha RUWASA ya wilaya yako, ndo wakala wenye dhamana ya maji vijijini tangu 2019, na ucheki pia Water Point Data Exchange ambako data za vituo vya maji za nchi mbalimbali zimewekwa kwa mpangilio mmoja.

Utasema mistari elfu 59 sio data kubwa, inafunguka kwenye Excel. Kweli kabisa. Ukubwa unakuja pale unapoiunganisha na mvua ya kila siku tangu 1981 na nyumba mamilioni zilizosomwa kwenye picha za setilaiti, hapo ndo laptopu inaanza kuhema.

Anza na sifuri

Hapa ndo utakaa siku nyingi kuliko sehemu nyingine yoyote na nakuomba usikimbie, maana modeli nzuri juu ya data chafu inamtuma fundi porini.

Fungua kolamu ya longitudo. Utakuta vituo 1,812 vimeandikwa sifuri, ukivichora kwenye ramani vinaangukia baharini huko Ghuba ya Guinea. Wengi wanafuta hiyo mistari fasta wanaendelea. Sasa kabla hujafuta angalia ni ya wapi: yote ni ya Shinyanga na Mwanza. Ukiifuta umewapunguza watu wa mikoa miwili kwenye hesabu, na orodha yako itakuja kuonyesha kanda ya ziwa ina matatizo machache kuliko uhalisia, kumbe umewatoa mwenyewe. Cha kufanya, jina la kata lipo kwenye faili, chukua katikati ya kata ukiweke kama kadirio, kisha tengeneza kolamu mpya inayosema kodineti hii (namba za mahali kituo kilipo) ni ya kukadiria, ili fundi akitumwa ajue anaenda kuuliza njia.

Mwaka wa ujenzi nao una sifuri kwenye mistari 20,709, zaidi ya theluthi ya faili lote. Ukiiacha hivyo kompyuta itaamini vile visima vina miaka elfu mbili. Idadi ya watu ni hivyohivyo, sifuri 21,381, na vingine elfu 7 na ushei vimeandikiwa mtu 1, ambayo ni namba ya kujaza fomu tu, hamna kisima cha kijiji kinachotumiwa na mtu mmoja. Hizi zote zigeuze ziwe tupu, usizijaze kwa wastani wa nchi nzima. Idadi ya watu tutaipata kwa njia nyingine huko chini na itakuwa bora zaidi.

Kisha majina. Aliyejenga ameandikwa DANIDA, DANID, Hesawa, HESAWA, District Council, District council, kila karani na mkono wake, na kompyuta inaona hao ni wajenzi tofauti kila mmoja kivyake. Geuza yote herufi ndogo, yapange kwa wingi, kisha kaa na mtu aliyefanya kazi ya maji miaka ya zamani, mzee yeyote mstaafu wa idara ya maji, akuambie nani ni nani. Mzee kama huyo atakumalizia kwa mchana mmoja kitu ambacho algorithimu itakusumbua nacho wiki. Mpigie kwa heshima, shikamoo yako iwe mbele, na ukimaliza mrudishie matokeo ayaone.

Kolamu zinazorudia zifute. Malipo yamewekwa mara mbili, wingi wa maji mara mbili, aina ya pampu mara tatu kwa viwango tofauti vya undani, na kolamu ya aliyerekodi ina jina moja tu kwa faili zima kwahiyo haikufundishi chochote.

Ukikutana na kodineti kutoka ripoti za zamani za makaratasi, uliza zilipimwa kwa mfumo gani. Ramani nyingi za zamani za Afrika Mashariki ziko kwenye Arc 1960, GPS ya simu yako iko WGS84, na tofauti ya hiyo mifumo huku kwetu ni kama mita 300. Kwa ramani ya nchi huoni kitu, kwa fundi anayetafuta kisima kwenye mahindi ni kitongoji kingine kabisa. Na mipaka nayo imehama: faili lina mikoa 21, Njombe bado ni wilaya ya Iringa humo ndani, Geita na Simiyu na Katavi hazionekani kwa sababu zilianzishwa 2012, na Songwe ikaja 2016. Ramani ya mipaka unayoiweka juu iwe ya sasa, acha kodineti ndo ziamue kituo kiko mkoa gani leo.

Unganisha na vitu vinavyoonekana kutoka juu

Sera ya maji ya 2002 ilisema kituo kimoja kwa watu 250, na mtu asitembee zaidi ya mita 400. Hiyo mita 400 ndo kipimo chetu. Ingia Open Buildings ya Google, data ya majengo iliyosomwa na kompyuta kwenye picha za setilaiti, ilianza na Afrika mwaka 2021, pakua kipande cha wilaya yako tu, usijaribu kupakua nchi nzima kwa bando. Fungua QGIS, ni programu ya bure, weka vituo vyako, weka nyumba, kisha chora duara la mita 400 kuzunguka kila kituo uhesabu nyumba zilizomo. Kabla ya kuchora badilisha mfumo wa ramani uwe wa mita: kati ya longitudo 30 na 36 tumia UTM 36S, kuanzia 36 kwenda pwani tumia 37S, Kigoma mjini iko 35S. Ukigoma kubadilisha, kumbuka digrii moja huku kwetu ni kama kilomita 111 kwahiyo mita 400 ni 0.0036 ya digrii, inakubalika kwa kazi ya haraka.

Nyumba sio mtu, na kule wafugaji wanakohama au kwenye nyumba za nyasi zilizofanana na udongo kompyuta inakosea. Kila jengo kwenye hiyo data lina alama ya uhakika, chukua yenye uhakika mkubwa, kisha lete WorldPop ambayo inagawa idadi ya watu kwenye vibox vya mita 100, linganisha hizo mbili. Zikikubaliana endelea. Zikipishana sana weka alama ya kuuliza, hicho kijiji utapiga simu.

Mvua unaipata CHIRPS, kazi ya chuo kikuu cha California pale Santa Barbara pamoja na shirika la jiolojia la Marekani, mvua ya kila siku kuanzia 1981 kwa vibox vya kama kilomita 5. Kwa kila kituo jumlisha mvua ya miezi 12 kabla ya siku karani alipokitembelea, linganisha na wastani wa miaka mingi wa eneo hilohilo. Hii ni muhimu kuliko inavyoonekana. Karani aliyefika Singida mwezi wa 10 na aliyefika mwezi wa 3 wameona kisima kilekile kikiwa vitu viwili tofauti, na huko kati na kusini msimu wa mvua ni mmoja wakati kaskazini na pwani kuna vuli na masika, kwahiyo usilinganishe miezi kichwakichwa.

Wengine watakuambia tumia setilaiti za GRACE zinazopima maji ya ardhini kwa nguvu ya uvutano. Ni sayansi nzuri sana, ila jicho lake linaona mamia ya kilomita kwa mpigo mmoja. Inafaa bonde zima la ziwa Victoria. Kwa kijiji iache.

Modeli, na mtego uliomo

Tumia lugha ya kompyuta ya Python na maktaba yake ya scikit-learn, modeli ya miti ya maamuzi, ile inayojenga miti mamia kisha matokeo ya miti yote yanakusanywa. Kwenye lile shindano walioshika nafasi za juu walibashiri sawasawa kama 82 kwa mia, na hata anayeanza akisafisha data vizuri anakaribia 80. Kumbuka mtu akijibu "kizima" kwa kila kituo bila kuangalia chochote anapata 54, hiyo ndo sakafu yako.

Mtego wa kwanza ni kolamu ya wingi wa maji. Vituo 6,246 vimeandikwa vimekauka, na zaidi ya 95 kwa mia ya hivyo hali yake ni kimekufa. Modeli itaipenda sana hiyo kolamu na wewe utafurahi kuona namba zinapanda, lakini fikiria: ili ujue kimekauka ni lazima mtu awe amefika pale, na kama amefika pale amekwishajua kwamba kimekufa, huhitaji modeli. Unachotaka ni kubashiri kituo ambacho hakuna aliyekifikia mwaka huu. Kwahiyo kila kolamu iulize swali hili, je ningeijua nikiwa nimekaa ofisini bila kwenda? Aina ya pampu, ndio. Mwaka wa ujenzi, ndio. Mvua, ndio. Umbali toka barabarani, ndio. Imekauka, hapana, itoe. Namba yako itashuka na ndo itakuwa ya kweli.

Mtego wa pili ni namna ya kupima. Ukichanganya mistari yote ukatenga moja ya tano bila mpangilio kwa ajili ya mtihani, vilula viwili vya mradi mmoja wa mserereko (maji yanashuka yenyewe toka mlimani), vinavyokula bomba moja, kimoja kitaangukia kwenye mafunzo na kingine kwenye mtihani, modeli inakuwa imeshaona jibu. Tenga kwa wilaya: fundisha kwa wilaya nyingine zote, pima kwa wilaya ambayo modeli haijawahi kuiona. Hapo utajua kama kazi yako inahamishika.

Na usikimbilie kusema sababu. Kwenye hiyo data vijiji vinavyolipia maji kwa mwaka karibu robo tatu ya vituo vyao vinatoa maji, vile visivyolipa kabisa ni chini ya nusu. Mtu anasimama anasema basi tuwalazimishe walipe. Subiri kwanza, inawezekana watu wanalipa kwa sababu maji yanatoka, nani atachangia bomba lililokauka? Vivyo hivyo Iringa ina vituo vizima kama 78 kwa mia wakati Lindi na Mtwara ni kama 30, na hilo usiligeuze kuwa uvivu wa watu wa kusini. Iringa na milima yake maji mengi yanashuka yenyewe kwa mserereko, uwanda wa Makonde maji yako chini sana yanataka mashine, mafuta na vipuri. Modeli inakuambia uangalie wapi. Sababu mkaitafute huko huko na wenyeji.

Geuza iwe orodha ya fundi

Modeli inakupa uwezekano wa kila kituo kuwa kibovu. Zidisha na nyumba zilizo ndani ya mita 400 ambazo hazina kituo kingine karibu. Tuseme kituo cha kwanza kina uwezekano 0.8 na nyumba 30, ni 24. Cha pili kina 0.6 na nyumba 90, ni 54. Fundi anaanza na cha pili, japo cha kwanza ndo kinaonekana kibovu zaidi. Kisha angalia kolamu ya jina la kituo, hii naipenda mno kwa sababu wananchi wenyewe wamekuambia kilipo: Shuleni, Zahanati, Msikitini, Kanisani, Sokoni. Kituo cha zahanati hakihesabiki kwa nyumba zinazokizunguka, pale kuna mama anajifungua usiku. Kipandishe kwa mkono, na uandike pembeni kwamba umekipandisha na kwa nini.

Hukohuko kwenye majina kuna vituo vilivyoitwa kwa Mzee fulani, jina kamili la mtu pamoja na kodineti za karibu na kwake. Ukitoa orodha hadharani yatoe hayo majina, na namba za simu za watunza pampu zibaki ofisini. Tanzania ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022, imeanza kutumika Mei 2023, Kenya wana yao ya 2019. Hata kama sheria isingekuwepo, huyo mzee hakuombwa ruhusa.

Kabla pikipiki haijawashwa, piga simu vituo vya juu 20. Mpigie mwenyekiti wa kitongoji.

"Shikamoo mwenyekiti, natokea ofisi ya maji. Lile bomba la shuleni linatoa?"

"Marahaba. Linatoa."

Usikate hapo. Uliza, "Jioni je? Ndoo moja inachukua muda gani kujaa?"

"Aa, jioni hamna kitu. Asubuhi ndo watu wanapanga foleni, ndoo nusu saa."

Hilo bomba kwenye fomu ni zima. Kwa watoto wanaopanga foleni badala ya kuingia darasani sio zima. Ongeza kolamu mbili, saa za kutoa na dakika za kujaza ndoo ya lita 20, zitakufaa kuliko kolamu kumi zilizokuja na faili.

Kwamba kasi ya fundi inabadilisha mambo sio nadharia. Rwanda walifunga vifaa vya kupima kwenye pampu za mkono 181, wakagawa vijiji makundi: kundi la matengenezo ya kawaida ilichukua kama siku 152 pampu kutengenezwa na wastani wa utendaji ukawa 68 kwa mia, kundi ambalo fundi alikuwa anatumwa kwa taarifa ya kifaa ilichukua kama siku 21 na utendaji ukafika 91. Kyuso kule Kitui, Kenya, watafiti wa Oxford waliweka kidude ndani ya mpini wa pampu kinachohesabu mpini unavyopanda na kushuka kisha kinatuma ujumbe wa simu, matengenezo yakashuka toka kama siku 27 mpaka chini ya siku 3, na baadae kazi ya matengenezo ikawa ya kampuni inayoitwa FundiFix, Kitui na Kwale. Angalia kilichofanyika hapo: data iliishia mkononi mwa mtu mwenye spana, vipuri na nauli. Kama wilaya yako haina hela ya vidude, simu za mwenyekiti kila wiki mbili zinafanya sehemu kubwa ya kazi hiyo, vocha tu na mtu mmoja anayejali.

Fundi akirudi, data inarudi naye. Mtengenezee fomu ya simu kwenye KoboToolbox au ODK, ni programu za kukusanyia data, zinafanya kazi bila intaneti zinatuma akifika kwenye mtandao. Fomu iwe fupi, asitumie zaidi ya dakika mbili: kodineti, alikuta kinatoa au hakitoi, nini kilikufa (washa, fito, mpira, mota, chanzo kimekauka), kipuri alikuwa nacho au hana, ametengeneza ndio au hapana, picha moja. Lile swali la kipuri lisikose, kwa sababu baada ya miezi michache litakuonyesha kama tatizo la wilaya ni fundi kuchelewa au ni washa ya bei ndogo isiyopatikana dukani, na hayo ni maombi mawili tofauti kabisa ya bajeti.

Matokeo ya fomu yaingize kwenye modeli kila msimu, mwisho wa masika na mwisho wa kiangazi. Vituo ambavyo modeli ilisema vizima fundi akakuta vimekufa, viweke karatasi ya peke yake uvipitie kimoja kimoja na kamati ya maji ya kijiji, kisha panga orodha ya msimu unaofuata. Na katika kila vituo 10 anavyotumwa fundi, viwili vichague kwa bahati nasibu kabisa bila kuuliza modeli, maana ukimtuma pale tu modeli inaposema, vile vijiji ambavyo modeli imevisahau havitakuja kuonekana tena kwenye data yako.